Nusu Mbili za Bati

3 Agosti

Mdogo wangu Profesa,

Salamu utazikuta chini ukifika. Kwanza nina shida, na nikianza na habari za huko, habari za huko, karatasi itaisha kabla sijaisema. Wala usiniambie ungepiga simu. Kwenye simu unanikatiza kila neno la tatu, kwenye barua huwezi.

Nimepata kazi ya makao ya wazee. Ni jengo refu la chini, lina ukumbi katikati, vyumba saba vinatazama mawio na saba vinatazama machweo. Vya machweo ni tanuri. Kuanzia saa nane mchana jua linaupiga ule ukuta mpaka linazama, na likishazama ukuta unalimwaga joto lote ndani, juu ya watu ambao wengine hata kujigeuza kitandani hawawezi. Mkuu wa makao, ambaye wote tunamwita Matroni, anataka upande huo wa machweo niupige ile rangi yenu inayorudisha jua, kabla miezi ya joto haijaingia.

Mpaka hapo sina neno. Nyeupe yenu nimeipiga shule mbili na stoo moja na sijawahi kuitwa kurudia. Lakini Matroni hataki nyeupe. Anasema inawaumiza wazee macho wanapokaa nje, na mvua mbili tu zikipita inakuwa na madoa ya tope mpaka kiunoni. Anataka kahawia, tena iliyokoza. Ameona kwenye karatasi zenu za matangazo kwamba mnayo.

Sasa nieleze mimi mjinga. Tangu Baba anishikishe brashi najua kwamba rangi iliyokoza inakunywa jua. Kalia bati jeusi saa saba mchana, utajua hujui. Ninyi mmeligeuza jua, au mmegeuza maneno?

Nijibu kama ndugu, usinijibu kama tangazo. Wale si watu wa kufanyiwa majaribio.

Mimi mzima, goti tu ndilo linanipa utabiri wa mvua. Mama Mdogo hajambo. Ana jambo lake ambalo amenikataza kukwambia, kwa hiyo sikwambii. Anakusalimu mara tatu, kama kawaida yake.

Dada yako

12 Agosti

Dada yangu mpendwa,

Nimecheka peke yangu maabara mpaka wenzangu wakaniuliza kulikoni. Nimewaambia dada yangu anataka kujua kama nimeligeuza jua.

Sikiliza. Sehemu kubwa ya joto la jua inakuja kwenye mwanga ambao jicho haliuoni kabisa. Kahawia ya kawaida inaunywa wote, unaoonekana na usioonekana. Kwenye hii yetu tunatia unga maalumu ambao unaurudisha ule usioonekana ulikotoka, na kuliachia jicho kahawia yake. Wewe unaona kahawia. Jua linakutana na kitu kinachokaribia weupe. Haifikii nyeupe kabisa, sitakudanganya, lakini inaikaribia.

Usiniamini kwa mdomo. Nakutumia kopo moja dogo nililochanganya kwa mkono wangu. Lifanyie jaribio la vifungo, kama tulivyokuwa tukifanya na Baba. Nakuapia kwa jina lake, ukuta ule Matroni ataweza kuuegemea saa tisa mchana na kusinzia.

Habari yangu kubwa ni kwamba mkuu wa maabara amestaafu na mimi ndiye ninayekaimu. Wakiridhika na kazi yangu nitathibitishwa mwisho wa mwaka. Mwambie Mama Mdogo, maana bila mikono yake miwili baada ya wazazi wetu kuondoka sijui tungekuwa wapi. Mwambie kwamba yule aliyekuwa akimsumbua kwa swali la kwa nini bati linachoma, ameajiriwa kwa swali lilelile.

Ni jambo gani hilo alilokukataza? Anaumwa?

Mdogo wako

30 Agosti

Profesa wangu,

Jaribio nimefanya. Nilikata bati tatu sawasawa. Moja nikaipaka nyeupe yenu, moja kahawia ya dukani, moja kahawia ya kopo lako. Nyuma ya kila moja nikabandika kifungo cha shati kwa nta ya mshumaa, nikaziegemeza kwenye ua zikitazama jua la saa nane, mimi nikakaa nyuma yake na kikombe cha chai kama mtu anayesubiri mechi ianze.

Kifungo cha kahawia ya dukani kilianguka chai ikiwa bado moto. Chako kikakaa. Nikaenda kuteka maji, nikarudi, kimekaa. Kilipoanguka, cha nyeupe nacho hakikuchelewa sana. Na zile kahawia mbili ukiziweka pamoja, hata mimi mwenye miaka thelathini kwenye rangi siwezi kukwambia ipi ni ipi. Nimekubali umenishinda. Si kawaida yangu kumkubalia mtu niliyemfunga kamba za viatu mpaka darasa la nne.

Matroni ameagiza ndoo kubwa sita. Siku ya kuzifungua nitafanya alivyotuachia Baba. Mafundi wangu wawili hawakuwa wanaijua desturi hiyo, ikabidi niwaeleze. Siku hiyohiyo ya kazi, kwenye ndoo hiyohiyo, unapaka kipande cha bati mikono ileile ya rangi uliyopiga ukutani. Kikikauka unakikata katikati kwa mkasi, mstari wa kupinda hovyo, nusu ya mwenye nyumba, nusu ya fundi. Siku ya ugomvi kila mtu analeta yake, na mistari isipooana kuna mtu amebadilisha. Nikawaambia mdogo wangu ndiye alikuwa mkataji, na alikata vibaya kuliko watu wote duniani, ndiyo maana hakuna aliyeweza kumwiga.

Mama Mdogo haumwi. Acha kunichimba. Nimemsomea habari ya kukaimu, akaniomba nirudie, nikarudia, akaniomba tena.

Dada

6 Oktoba

Mdogo wangu,

Ukuta unachoma.

Tulimaliza tarehe ishirini na sita. Rangi ilikaa vizuri, Matroni akapita na wageni wake akisifu. Siku zote hizo kulikuwa na mawingu. Jua la kwanza la kweli limetoka Jumanne, na saa kumi jioni niliweka kiganja ukutani, nikakitoa haraka. Nikaingia ndani chumba namba tano, anapolala mzee mmoja aliyekuwa mwalimu. Akaniambia, "Binti, umetupaka rangi au umetuwashia jiko?" Wenzake wakacheka. Mimi sikuweza kucheka.

Anayekataa ni mmoja tu. Yuko chumba cha mwisho, namba saba, kikongwe mbishi. Anauegemea ukuta na kusema ni baridi kabisa, na wanaolalamika wana deko. Nimempitisha mkono mgongoni, gauni limelowa jasho. Lakini kwa mdomo wake ni baridi.

Nimekosea wapi? Maji sikuzidisha. Ukuta tuliusugua msasa, tukaufuta vumbi, tukapiga rangi ya msingi, tukaiacha siku nzima. Nisaidie kufikiri. Matroni bado ananiita mwanangu, ila tangu Jumanne neno hilo analitoa kwa kulitafuta.

Dada

13 Oktoba

Dada yangu,

Usihangaike. Mara nyingi matatizo ya aina hii huwa ya upakaji, na hata fundi mzuri hukutwa nayo. Jaribu kukumbuka: unyevu ndani ya ukuta, muda kati ya mkono wa kwanza na wa pili, unene, hali ya hewa. Niandikie kila kitu, hata unachoona ni kidogo. Kwangu unaweza kusema lolote.

Nitumie nusu za bati. Zote mbili, yako na ya Matroni, ili mistari ioane na asiwepo wa kusema tumebadilisha. Tuma kwa jina langu, si la kiwanda. Na usimwandikie mtu mwingine hapa. Barua zikiingia masjala zinazunguka mwezi mzima. Niachie mimi, nitakutetea.

Yule kikongwe wa chumba namba saba, akili zake ni timamu? Niandikie maneno yake kama alivyoyasema.

Mdogo wako

20 Oktoba

Profesa,

Nusu zote mbili hizo hapo ndani ya gazeti. Matroni hakutaka kuitoa yake. Alisema yeye ni mgeni wa mambo haya lakini hata mgeni anajua shahidi hapelekwi upande mmoja. Nikamwambia inaenda kwa ndugu yangu, tumbo moja, atakayesimama na sisi. Ndipo akaitoa mfukoni.

Umesema niandike hata kidogo. Kuna jambo sijamwambia mtu. Kwenye chumba cha tatu wingu lilitanda, nikaogopa mvua, nikapiga mkono wa pili kabla wa kwanza haujatimiza saa zake. Ni kipande cha upana wa mlango tu. Najua hakiwezi kuchoma ukuta mzima, lakini tangu siku ile najiuliza kama na mengine niliyakosea nisijue. Umri huu, pengine mkono umeanza kunidanganya. Jana nimemwacha fundi wangu apige dari la watu huku mimi nimeshika ngazi.

Maneno ya kikongwe ni haya: "Ukuta huu ni baridi, na aliyeutengeneza Mungu amzidishie." Akili zake ni timamu kuliko zako.

Fanya haraka. Joto linakuja.

Dada

1 Novemba

Mbona kimya? Joto limeingia. Chumba namba mbili wamemlaza yule bibi asiyeona sakafuni, kwa sababu sakafu ndiyo yenye nafuu. Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Dada

7 Novemba

Kwa Mkuu wa Makao ya Wazee

YAH: MALALAMIKO KUHUSU RANGI YA KURUDISHA JOTO, KAHAWIA ILIYOKOZA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Uchunguzi wetu umebaini kuwa rangi mliyoletewa ilikidhi viwango vyote ilipotoka kiwandani, na hati yake ya ubora ilisainiwa na maabara.

Fundi aliyeipaka amekiri kwa maandishi kuwa alipiga mkono wa pili kabla ya wa kwanza kukauka, na kwamba ana shaka na kazi yake. Aidha, mkazi wa chumba namba saba, mwenye akili timamu, amethibitisha kuwa ukuta wa chumba chake ni baridi. Hii inaonyesha kuwa mahali rangi ilipopakwa ipasavyo inafanya kazi yake.

Hakuna kipande chochote cha mfano kilichopokelewa kiwandani kwa ajili ya uchunguzi.

Tunawashauri mtafute fundi mwenye sifa stahiki. Kiwanda hakitahusika na gharama ya kurudia kazi.

Kaimu Mkuu wa Maabara

16 Novemba

Profesa,

Leo sitakuita mdogo wangu. Kesho nitaona.

Barua yako Matroni aliisoma kwa sauti kwenye ukumbi wa kulia, wazee wakiwa na vikombe mkononi, mafundi wangu wawili wamesimama mlangoni. Hakufanya kwa ubaya. Alidhani imekuja kunisafisha, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia hivyo, na akataka wote walionicheka wasikie. Alipofika kwenye "amekiri kwa maandishi" sauti ikashuka. Alipofika kwenye "fundi mwenye sifa" akawa anajisomea peke yake, lakini tulikuwa tumeshasikia.

Maneno yangu niliyatambua. Yalikuwa yamevaa tai, lakini ni yangu. Nilikuandikia wewe ile habari ya chumba cha tatu. Sikuiandikia masjala. Uliniambia kwako naweza kusema lolote, nikasema, na ukalichukua ukalipiga muhuri. Halafu "hakuna kipande kilichopokelewa kiwandani". Ni kweli, hakikupokelewa kiwandani. Kilipokelewa na wewe, kwa jina lako, kama ulivyoomba. Uliyapanga yote hayo tangu tarehe kumi na tatu Oktoba, na juu yake ukaandika "Dada yangu".

Matroni akaniuliza, "Aliyesaini si ndugu yako?" Nikasema ndiye. Akaikunja karatasi polepole. "Mwanangu," akasema, "kama tumbo moja linasema kosa ni la mkono wako, mimi wa kando nitasema nini?"

Nimerudisha ngazi na jukwaa. Mafundi wangu wameniaga kwa adabu na wamekwenda kwa mtu mwingine. Pale makao sasa naingia saa za kutembelea tu, kama mgeni yeyote.

Nilipofika nyumbani nilichukua lile kopo lako dogo, lilikuwa limebaki robo. Nikakwangua zile ndoo sita tupu, nikapata ya kutosha kipande kimoja. Nikapaka bati mbili, mikono miwili kila moja, safari hii kwa saa ya ukutani. Rangi ni ileile. Kuziangalia huwezi kuzitofautisha. Nikabandika vifungo, nikazitoa juani. Kifungo cha ndoo kilianguka chai ikiwa bado moto. Kifungo cha kopo lako nilikiacha kimekaa nikaingia ndani, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa na sikutaka kuendelea kuangalia.

Mkono wangu hauna kosa. Ulinitumia kitu kimoja, ukawatumia wao kitu kingine. Na wiki sita nzima umeniacha nikiutilia shaka mkono wangu, wakati hata mara moja sikulitilia shaka kopo lako. Nilimpelekea Matroni zile bati, akakataa kuja kuangalia. Alisema vibati vyangu na makopo ya ndugu yangu ni mambo ya ukoo wetu, yeye ana barua yenye muhuri. Na kwa barua ile hawezi kudai ndoo nyingine, wala hana ya kununulia. Kwa hiyo ukuta utabaki hivyohivyo, na watu wako nyuma yake.

Sasa lile jambo ulilokuwa ukinichimba. Mkazi wa chumba namba saba, mwenye akili timamu, ni Mama Mdogo.

Yuko pale tangu Mei. Alianguka nyumbani akavunjika nyonga, mimi niko juu ya ngazi mtaa wa tatu, akalala sakafuni tangu asubuhi mpaka niliporudi. Makao alichagua mwenyewe. Akaniapisha nisikwambie, kwa sababu alisema ungeacha kazi uje, kisha uanze kujilaumu na kupoteza hiyo nafasi yako. Nilikuficha. Kosa hilo ni langu na nalibeba.

Aliuita ukuta ule baridi kwa sababu umeutengeneza wewe. Hakuwa na sababu nyingine. Kila aliyeingia chumbani mwake alionyeshwa ukuta kabla ya kuonyeshwa kiti. Walipomwomba ahamie upande wa mawio alikataa siku tatu mfululizo. "Niikimbie rangi ya mwanangu niende wapi?" Alhamisi walimkuta amekaa, mgongo ukutani, midomo imepasuka, ananiita kwa jina la marehemu mama yetu. Walimlowesha maji, wakambeba pamoja na godoro. Yuko hai. Sauti ndiyo haijarudi yote.

Neno lake la upendo umelifanya ushahidi wa kiwanda. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nalisikia tu.

Dada

24 Novemba

Dada,

Nisamehe. Nimeliandika neno hilo mara nne na kuchana karatasi mara nne, hii ya tano naiacha kama ilivyo.

Ni kweli yote. Ule unga unatoka mbali, na Septemba ulichelewa. Oda zilikuwa zimeshapokelewa. Wakubwa wakasema tutie unga wa kawaida wenye rangi ileile, jicho halitajua, msimu mmoja utapita na hakuna atakayepima. Hati ilihitaji saini ya mkuu wa maabara, na anayekaimu ni mimi. Ningekataa, wangesaini wao na mimi ningerudi kuosha chupa. Nilijua moja ya oda zile ni ya kwako. Nikajiambia Dada ana mkono mzuri, pengine hawataona tofauti. Ulipoandika kwamba ukuta unachoma nilikaa na barua yako mfukoni siku nzima. Baada ya hapo nilikuwa naogopa, na kila nilichofanya nilifanya kwa woga.

Nusu zako zote mbili ziko kwenye droo yangu. Sikuweza kuzitupa. Mistari inaoana.

Dada, ningejua kwamba aliye ndani ya chumba kile ni Mama Mdogo, nisingesaini. Haki ya Mungu nisingesaini.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, usimwambie, itammaliza. La pili, nipe mpaka mwisho wa Desemba. Nikishathibitishwa nitakuwa na sauti. Nitakuja na ndoo moja nzuri niliyochanganya mwenyewe, tupake ukuta wa chumba chake kimyakimya, arudi mahali pake. Na nikipata nafasi nitakutafutia kazi za kiwanda, jina lako litasafishika taratibu.

Mdogo wako

4 Desemba

Mdogo wangu,

Nimerudi kukuita hivyo kwa sababu sina mwingine. Usidhani ni msamaha.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ile ya muhuri, na yako hii ndiyo iliyoniumiza zaidi. Ile ya muhuri ulinisaliti mimi, na mimi kukubebea nimezoea tangu kamba za viatu. Lakini umeandika kwamba ungejua ni Mama Mdogo usingesaini. Yule mwalimu wa chumba namba tano ni baba wa nani? Yule bibi asiyeona, anayelala sakafuni mpaka leo, yeye kosa lake ni kutokuwa wa ukoo wetu? Wako sita upande ule. Uliwakubalia waive, mradi wawe wa watu wengine. Mama Mdogo alipotuchukua hatukuwa watoto wake, Profesa. Alikuwa amekuja kwenye msiba na kikapu kimoja, na hakurudi kwake.

Halafu unaniletea ndoo moja, ya chumba kimoja. Kahawia baridi katikati ya kahawia moto, rangi ileile, wazee wamelala wamepakana ukuta kwa ukuta, na wanaojua ni jua na sisi wawili. Unataka na mimi nisaini. Umekaimu miezi minne tu na umeshanifikiria hivyo.

Unakumbuka ukuta wa kinyozi? Aligombana na Baba mbele ya wateja, kila mmoja akaleta nusu yake, mistari ikaoana na kosa likawa la Baba. Hakusema wingu, hakusema unyevu. Alibeba ngazi asubuhi ileile, na wewe ulibeba ndoo nyuma yake unalia kwa aibu. Aliurudia ukuta mzima. Miaka yote baada ya hapo yule kinyozi hakumwita fundi mwingine.

Kwa hiyo Desemba yako sikupi. Zitoe hizo nusu kwenye droo uzilete mwenyewe, mkononi, usizitume. Uziunganishe mbele ya Matroni, kwenye ukumbi uleule, wazee wakiwepo, na useme kwa mdomo wako zilitoka ndoo gani, ndani mlikuwa na unga gani na nani alisaini. Mimi nitakaa kwenye benchi la wageni. Sitakusemea, na ukigugumia sitakumalizia. Ukishasema, Matroni atakuwa na kitu cha kudai kiwandani, nami nitaupiga ukuta wote upya, vyumba vyote saba. Pengine kazi utaipoteza. Mimi ya kwangu nimeshaipoteza, najua inavyokaa kifuani, na bado naamka.

Usipokuja, udugu hauvunjiki, mimi sina mamlaka ya kuuvunja. Ila hutapata tena barua yenye neno la moyoni kutoka kwangu. Nitakuwa nakuandikia habari za mvua.

Kuhusu Mama Mdogo, sijamwambia. Hilo umeomba nami nimefanya, lakini si kwa ajili yako.

Jana nilikwenda saa za kutembelea. Amepewa chumba cha pili upande wa mawio. Ule upande hatukuupaka kitu, una chokaa yake ya zamani inayotoka ukiigusa, na jioni jua huwa limeshahamia upande wa pili. Nilikuwa namkata kucha. Akautoa mkono wa pili kwenye shuka, ukatafuta ukuta, ukatulia hapo. Akatabasamu.

"Baridi," akasema. "Si niliwaambia? Rangi ya mwanangu hii."

Akanitazama, anangoja niseme ndiyo.

Sikusema ndiyo, na kusema siyo sikuweza. Nimemwambia unakuja.

Dada yako